Gazeti Lilipanda Treni Tanga

Wengi mmenipigia simu mkisema hamkufika Jumamosi, wengine mvua, wengine mlikuwa msibani Uru, kwa hiyo hii hapa hotuba yote juu ya magazeti ya miji ya bandari, kama nilivyoitoa pale ukumbini Moshi. Picha sijaweka, na hata siku yenyewe hazikuonekana vizuri manake pazia lilikuwa linapitisha jua.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, habari za asubuhi. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nianze na ukuta.

Nyumba niliyokulia kule juu Old Moshi ilikuwa ya mbao, na kila mwaka Krismasi ikikaribia mama alikuwa anabandika magazeti ndani ukuta mzima, gundi yenyewe ni uji wa unga wa ngano, mzito, unaupaka na ufagio mdogo. Nani hapa alilala kwenye chumba cha magazeti? Nyoosheni mikono. Mnaona? Nusu ya ukumbi, na wengine mnaona aibu tu. Mimi nilijifunza kusoma pale. Kabla ya shule, kabla ya mwalimu yeyote. Sasa mama hakujua kusoma, kwa hiyo karatasi nyingine alizigeuza kichwa chini, na mimi nikajifunza kusoma hivyo hivyo, kichwa chini, mpaka leo nikikaa mkabala na mtu ofisini nasoma faili lake bila yeye kujua.

Juu ya kitanda changu palikuwa na shairi kutoka gazeti la Mambo Leo. Beti mbili na nusu. Beti zilizobaki mama alizifunika na tangazo la baiskeli ya Raleigh. Miaka yote ya utoto wangu nililala nikiangalia beti mbili na nusu na gurudumu. Shikeni hilo gurudumu, nitalirudia.

Sasa yale magazeti yalitoka wapi? Hatukuwa na hela ya kununua gazeti. Baba alikuwa kibarua wa mizigo stesheni ya Moshi. Treni ikifika, abiria anashuka, gazeti analiacha kwenye kiti, baba analiokota. Ndio hivyo tu. Siku zikipita kwenye nyumba yetu kunakuwa na Dar es Salaam, kuna Mombasa, kuna Nairobi, zote zimenuka samli na mafuta ya taa.

Nimeombwa nizungumze juu ya magazeti ya miji ya bandari, na mwenyekiti aliniuliza kwa adabu kabisa, Mwalimu, sisi bahari tunaijua kwa dagaa, bandari inatuhusu nini? Ndugu zangu, inatuhusu manake gazeti lilikuja huku kwa treni, na treni ilitoka Tanga. Wajerumani walianza kuchimba ile reli Tanga mwaka 1893. Korogwe walifika 1902, Mombo 1905, hapa Moshi 1911. Miaka 18 kwa kilomita 352! Njiani waliishiwa pesa, wakasimama, wakaanza tena. Lakini ilipofika, kila kilichoshuka melini Tanga kilikuwa na njia ya kuja kwetu: bati, sukari, jembe, na karatasi iliyochapwa. Na kahawa yetu ikateremka kwa njia hiyo hiyo.

Kwa nini gazeti lizaliwe bandarini na sio kwingine? Watu husema ni kwa sababu pwani ndiko kulikokuwa na wasomi. Sikatai, ila mimi naona sababu ni uzito. Mtambo wa kuchapa ni chuma. Unakuja na meli, unashushwa kwa kamba, na mtu mwenye akili timamu haubebeshi kichwani kwa wapagazi kwenda Kondoa, anaufunga pale pale karibu na forodha. Karatasi nayo inakuja na meli. Wino unakuja na meli. Na mteja wa kwanza yuko pale pale, mfanyabiashara anayetaka kujua meli gani inaingia lini na imebeba nini. Zanzibar walikuwa na gazeti la serikali, la Kiingereza, tangu 1892. Wamisheni wa Kiungani hapo Zanzibar walitangulia hata hao, Msimulizi lao la Kiswahili lilianza 1888, na wenzao wa Magila karibu na Muheza wakaja na Habari za Mwezi. Lakini hao walikuwa wanaandikiana wao kwa wao, walimu na mapadre. Gazeti la mji, la biashara, hilo lilikuwa linafuata mzigo.

Hebu niwape kisa cha Mombasa. Mwaka 1902 tajiri mmoja Mhindi, Alibhai Mulla Jeevanjee, ambaye utajiri wake ulitokana sana na kandarasi za reli ya Uganda, alianzisha gazeti Mombasa likiitwa African Standard. Akamleta mhariri kutoka nje. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu wawili, wao wakalibadilisha jina likawa East African Standard. Reli ilikuwa imeshapanda Nairobi, pesa imepanda, walowezi wamepanda, na mwaka 1910 gazeti nalo likafungasha virago likapanda. Yaani lilifanya kama mtoto wa Kichagga, likishapata akili linaondoka nyumbani. (Kicheko.) Tofauti ni kwamba mtoto wa Kichagga Desemba anarudi. Lile halikurudi. Lakini subirini, utamu uko hapa: tarehe 1 Januari 1930 wenye Standard walishuka tena pwani, safari hii Dar es Salaam, wakaanzisha Tanganyika Standard. Gazeti la bandari moja likapanda bara, likanenepa, likashukia bandari nyingine. Na hilo la Dar ndilo baba yangu alikuwa analiokota kwenye kiti.

Sasa Tanga yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, mniruhusu.

Tanga ya Wajerumani ilikuwa mji mdogo lakini ulikuwa na magazeti mawili, na hayo mawili hayakujuana kabisa. La kwanza Usambara-Post, la Kijerumani, la walowezi. Mkonge, mpira, kahawa, bei za mashamba, meli. Na malalamiko! Msidhani Wazungu walikuwa wamoja. Walowezi walimchukia gavana wao Rechenberg manake aliona heri mkulima Mwafrika alime mwenyewe auze kuliko kusombwa kwenda kufanya kazi shamba la mtu, na magazeti ya walowezi yalimshambulia kila alipogeuka. Kwa hiyo gazeti la Kijerumani lilikuwa na uhuru wa kumtukana gavana.

La pili likaitwa Kiongozi. Hili lilikuwa la Kiswahili, la kila mwezi, lilitoka shule ya serikali ya Tanga, lilianza miaka ile ya 1904 na 1905 na lilichapwa kwenye mtambo wa shule yenyewe. Kiongozi halikumtukana mtu. Kiongozi lilisifu Kaizari, yaani mfalme wa Wajerumani, lilisifu kodi, lilisifu kila kitu. Mkilisoma kwa hasira ya leo mtalitupa. Mimi nawaambia msilitupe. Kwa nini? Kwa sababu ya barua. Walimu waliosomea Tanga walipelekwa bara huko, makarani nao wakapelekwa maboma ya mbali, na kila mmoja alikuwa anaandika barua Tanga: huku mvua hakuna, huku kuna nzige, huku simba kala mtu, fulani kaoa. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa Tanga anasoma habari ya mtu wa Tabora, iliyoandikwa na mtu mweusi mwenzake, kwa Kiswahili. Serikali ilidhani inatengeneza watumishi. Watumishi wakawa wanasalimiana.

Na liliandikwa kwa herufi gani? Swali zuri hilo. Watu wa pwani walikuwa wameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne na karne, barua, tenzi, mikataba. Kiongozi likaja na herufi za Kizungu. Hebu fikiria mzee wa Tanga, msomi, anaheshimika, anaandika hati nzuri mtaa mzima unaijua, halafu siku moja anatakiwa kutafuta mtoto wa darasa la pili amsomee gazeti. Jana ni msomi, leo hajui kusoma. Mombasa walijaribu kushikilia mlango, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mwaka 1932 alitoa gazeti la kila wiki, Al-Islah, Kiarabu na Kiswahili, akiwaambia watu wa pwani amkeni, someni, dunia inawapita. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa kwa nje.

Kuhusu herufi nina kisa changu mwenyewe, naomba mnivumilie. Miaka ya sabini, kabla sijaenda ualimu, nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa hapa mjini, sikitaji. Kazi yangu ni kupanga herufi. Herufi ni vipande vya risasi, kimoja kimoja, unavipanga kwa mkono kutoka kwenye kasha lenye vyumba vyumba, na unapanga kinyume, kama unavyoona kwenye kioo. (Mimi niliyesoma kichwa chini hiyo haikunisumbua.) Sasa lile kasha lilitoka Uingereza, na Waingereza wamehesabu herufi kwa lugha yao. Herufi e imejaa chumba kizima, mpaka inamwagika. Halafu angalia Kiswahili chetu. Wanawake wanakaa. Kakaka. Wawawa. Ukipanga ukurasa mmoja tu, a zimekwisha, k zimekwisha, w ndio usiseme, na e zimekaa pale zinakutazama. Tulikuwa tunafanyaje? Tunachapa nusu ukurasa, tunaubomoa, tunaokoa zile a, tunapanga nusu nyingine. Na w zikiisha tunageuza m. Kweli kabisa! Mwenye kadi ya harusi ya Moshi ya miaka ile akaichunguze vizuri, ataona w nyingine zimekaa kama zimelewa.

Siku moja nilibeba ukurasa mzima uliokwisha kupangwa, kalenda ya ibada ya mwaka, nikajikwaa kizingitini. Herufi zote sakafuni. Maelfu. Mkuu wetu hakusema kitu, alichukua kofia akaenda kula. Siku tatu nilikuwa nimepiga magoti natenganisha b na d. Kwa hiyo nikisoma kwamba Kiongozi lilitoka mwezi baada ya mwezi, zaidi ya miaka kumi, mimi sioni Kaizari, naona magoti ya vijana. Wajerumani angalau wana k na w za kutosha, lakini zile a, sijui walizitoa wapi.

Yote mawili yalikufa kwa vita. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India likashuka Tanga, likapigwa, na nyuki nao wakaingia vitani, hicho kisa kila mtu wa Tanga atakuhadithia akiongeza chumvi. Wakarudi kwa njia ya nchi kavu. Machi 1916 wameingia hapa Moshi, Julai Tanga. Usambara-Post likaisha. Kiongozi likaisha. Ratiba ya meli ikawa ya Kiingereza.

Waingereza nao wakaja na la kwao. Januari 1923, Dar es Salaam, Mambo Leo. La serikali, halina siasa, linakufundisha kunawa mikono. Lakini serikali ikafanya kosa moja zuri, ikaweka nafasi ya mashairi. Jamani! Watu walijibizana. Mmoja anatupa fumbo kutoka Pangani, mwezi unaofuata mtu wa Dodoma anafumbua, mwezi mwingine mtu wa Ujiji anasema wote wawili hamjui kitu. Shaaban Robert mnamjua nyote, mmemkariri shuleni kwa kuchapwa. Mnajua alikuwa anafanya kazi gani? Karani wa forodha. Tangu 1926, Pangani na kwingine, anahesabu mizigo ya watu, jioni anaandika, anapeleka gazetini. Na ninyi wa Arusha mnaokwenda uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuangalia mpira, yule aliyepewa uwanja alikuwa mshairi wa kurasa hizo hizo kabla hajawa meya wa Dar wala waziri.

Halafu mwaka 1937 mwenye duka mmoja wa Dar, Erica Fiah, mtu wa Uganda kwa asili, akasema kwani lazima gazeti liwe la serikali au la padre? Akaanzisha lake, Kwetu. Mwenye duka! Ni kama leo Mangi wa pale kona afungue gazeti kati ya mchele na sabuni. Na akalisukuma miaka.

Sisi huku hatukulala. KNCU, chama cha ushirika cha Kilimanjaro, miaka ya 1930 ilikuwa na gazeti la Uremi, la wakulima wa kahawa. Miaka ya 1950 Baraza la Wachagga likawa na Komkya. Vijana, komkya maana yake nini? (Wakajibu: kumekucha.) Haya, angalau hilo mnalo. Komkya mama alilipenda sana kwa ukutani, alikuwa anasema karatasi yake inashika uji vizuri.

Na niseme neno juu ya karatasi mbaya kuliko zote. Sauti ya TANU. Haikuwa hata gazeti, zilikuwa karatasi za kurudufu, wino unatia doa vidole. Mwaka 1958 Nyerere aliandika humo juu ya mabwana shauri fulani, yaani wakuu wa wilaya wa Kiingereza, akashtakiwa kwa kashfa, mahakama ya Dar ikamwambia shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ikalipwa. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, wao walikwenda jela kweli. Tanganyika Standard yenye mtambo mkubwa na karatasi nyeupe ilikuwa inaandika nini wakati huo? Nendeni maktaba mkaangalie. Mimi nimeangalia, na sikufurahi.

Baada ya uhuru nitapita haraka manake wengi mlikuwepo. Uhuru likaanza 1961. Mwaka 1963 wakaunganisha reli ya kati na hii ya Tanga, Ruvu mpaka Mnyusi, na hapo kwa maoni yangu Tanga ikapoteza kitu ambacho hakikutangazwa, manake sasa Dar ilifika Moshi kwa reli bila Tanga kuulizwa. Februari 1970 serikali ikataifisha Standard, Rais mwenyewe akawa mhariri mkuu, na mama mmoja wa Afrika Kusini, Frene Ginwala, akawa ndiye anayeliendesha. Mwaka 1972 likaunganishwa na lile la chama la Kiingereza, likawa Daily News. Ngurumo, ambalo wazee hapa mlilipenda kwa vituko vyake vya mjini, likafa 1976. Miaka ya tisini ikafunguka, Majira, Nipashe, baadaye Mwananchi mwaka 2000. Yote Dar. Arusha mlikuwa na Arusha Times ya Kiingereza, ilijitahidi, Mungu aipumzishe.

Sasa niwaulize. Tanga leo meli gani imetia nanga? Nani kafariki Ngamiani? Bei ya samaki Deep Sea asubuhi ya leo? Gazeti gani litakuambia? Utapata aya moja, ukurasa wa mikoani, kama bahati, na aya yenyewe ni mkuu wa mkoa kafungua semina. Na Moshi je? Nani anaandika kwamba maji hayajatoka Pasua siku nne? Mtasema kuna grupu za simu. Zipo, mimi mwenyewe niko kwenye tano, jana kwenye moja walitangaza kifo changu. (Kicheko kirefu.) Ilikuwa mtu mwingine wa jina langu. Lakini nawauliza, mwaka 2080 mjukuu wako ataibandika wapi ile grupu?

Na sisi wenyewe tunayafanyaje yaliyobaki? Tunafungia maandazi. Kabla hamjaniona mjuaji, niseme langu. Mama alifariki, mwaka 2009 tukaamua kujenga nyumba ya tofali pale pale. Fundi akanipigia, Mwalimu, hizi mbao za zamani tufanyeje? Mimi nilikuwa stendi, nakimbilia basi, nikamwambia wape vibarua wachemshie chai. Ukuta mzima. Uremi ya babu, Komkya, Mambo Leo, Ngurumo. Mimi. Kwa mdomo wangu. Hakuna wa kumlaumu, si serikali, si Wajerumani. Nilipofika Jumapili palibaki mbao moja, walikuwa wameikalia.

Ndio hii hapa. Ndio niliyoifunika na khanga tangu asubuhi mkadhani ni zawadi. Hili ni gurudumu. Hiki ni kiti cha baiskeli. Na hapa juu mnaona mwisho wa ubeti wa tatu unaingia chini ya tairi. Shairi langu liko chini ya hili tangazo, na mimi naogopa kulibandua manake uji wa mama haukuwa na mchezo. Atakayejua namna, tuzungumze wakati wa chai. Na mwenye masanduku nyumbani aniite tu, nitakuja na simu yangu nipige picha, gazeti lako libaki kwako.

Asanteni kwa kunisikiliza.

Nyongeza: wakati wa chai mama mmoja wa Kiboriloni aliniambia nisitumie mvuke, niweke kitambaa chenye maji ya uvuguvugu nusu saa, nivute kwa kisu butu kidogo kidogo. Jana usiku nimejaribu kona ya chini kabisa, pale ambapo Mambo Leo walikuwa wanaweka jina la mshairi na mahali anapokaa. Limetoka neno moja, Korogwe. Jina bado liko chini ya gurudumu.